Daftari la Tamsin

Kila Jumanne baada ya shule, Tamsin Attard, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanda baiskeli hadi nyumbani kwa Bi Vella, mwalimu wa piano pale mjini Mackay. Baada yake iliingia zamu ya Mzee Clarrie, jirani wa kina Tamsin, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Alikuwa ameanza kujifunza akiwa na miaka sabini na mmoja, na vidole vyake vilikuwa vinene kama mafundo ya muwa.

Kila mwanafunzi, mtoto kwa mzee, aliandika daftarini dakika alizofanya mazoezi kila siku. Bi Vella alilisoma kabla hujakaa kitini.

Juma lile kimbunga kilikata umeme mji mzima, tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Watu walishinda uani wakichoma nyama za kwenye friji kabla hazijaoza. Tamsin alikula soseji na kucheza karata. Jumanne asubuhi alichukua kalamu akaandika upesi: Jumamosi, dakika arobaini. Jumapili, dakika arobaini. Alitaka sahihi ya mwalimu kwenye fomu ya mtihani wa daraja la tatu, na mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa hiyo.

Alipofika, alimkuta Mzee Clarrie ameshawahi, anamnong'oneza Bi Vella mlangoni. Walipomwona wakanyamaza.

"Karibu, Tamsin," alisema Bi Vella. Alisoma daftari. Akalisoma tena. "Arobaini na arobaini?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, piga."

Tamsin alijikwaa mstari wa pili, akajikwaa wa tatu. Bi Vella hakumkemea. Aliifungia fomu kabatini bila kuitia sahihi. "Nisubiri barazani," alisema.

Moyo wa Tamsin ulichemka. Nani mwingine angemchongea? Dirisha la yule mzee lilitazamana na lao. Ndiyo maana alikuwa akinong'ona! Alitoka akamkuta kwenye kiti cha baraza, anatabasamu.

"Umefurahi sasa?" Tamsin alifoka. "Mzee mzima, kazi kuchungulia watoto!"

"Mimi tena? Nimechungulia nini, binti?"

"Umemwambia sikufanya mazoezi!"

Mzee Clarrie alikuna kidevu. "Ndiyo kwanza nasikia. Tena kutoka kinywani mwako."

Tamsin aligeuka. Bi Vella alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee hakusema neno juu yako," alisema mwalimu kwa upole. "Kwenu unapigia nini, Tamsin?"

"Kinanda cha umeme..." Mji mzima ulikuwa gizani, naye ameandika arobaini na arobaini!

"Kuhusu minong'ono," alisema Mzee Clarrie akiangalia viatu vyake, "nilikuwa namuuliza Mwalimu kama wewe utakubali tupige pamoja, mikono minne, kwenye tamasha la Desemba. Peke yangu naogopa. Sasa sijui kama bado unanitaka, mchunguliaji mimi."

Tamsin alitamani sakafu ya mbao imfunike. "Nisamehe, Mzee Clarrie. Nilikusingizia bure. Mwalimu, nilidanganya."

Bi Vella alimfungulia daftari la mzee. Mzee kwake alikuwa na piano ya kawaida isiyohitaji umeme, lakini hati yake nzito ilisema: Jumamosi, sifuri. Jumapili, sifuri, nilikuwa nachoma nyama.

Tamsin alifuta arobaini zote mbili, akaandika sifuri. Jumatano na Alhamisi alikuja kufanya mazoezi kwenye piano ya mwalimu, saa nzima kila siku. Alhamisi jioni alipiga kipande chote bila kujikwaa, na Bi Vella akatoa fomu kabatini akaitia sahihi.

"Sihitaji namba kubwa ili nikupende," alimwambia. "Daftari ndilo linaloniambia nimfundishe nini kila mmoja wenu. Ukiniandikia uongo, mwanangu, ninamfundisha mtoto asiyekuwepo, na wewe unabaki hujafundishwa."

Barazani Mzee Clarrie, aliyekuja kusikiliza, alikohoa. "Na mikono minne je?"

"Sogeza kiti, Mzee," alisema Tamsin. "Ila ukikosea, utaandika mwenyewe daftarini."