Nyasi za Kilio cha Kuigiza

Sauti ile waliisikia saa nane mchana, jua likiwaka nje, ingawa ndani ya nyumba ya Bibi Bonifasia pale Mbuba palikuwa giza. Vijana walikuwa wametundika mablanketi madirishani wapate usiku wa filamu waliyokuwa wakirekodi. Taa yao moja waliifunga kwenye mlingoti wa mkaratusi waliousimamisha sebuleni, wakaivika shuka jeupe ili mwanga usimchome maiti usoni. Danstan, kijana wa taa, ndiye aliyekuwa pia na hedifoni masikioni, akisikiliza kilio walichotoka kurekodi. Akazivua taratibu.

"Claudia," akasema kwa sauti ya chini, "humu ndani wanaume tuko wangapi?"

"Wewe na Kwizera. Na Kwizera ni maiti, hahesabiki."

"Basi nani kaitika?"

Claudia akasikiliza, akacheka kidogo. "Mwangwi wa bati huo. Mpe Bibi, asikie alivyolia vizuri."

Bibi Bonifasia akavishwa zile hedifoni juu ya kilemba. Akajisikia mwenyewe akiomboleza: Nyandwi wee, Nyandwi mwanangu, nyumba unamwachia nani? Kikapita kimya kifupi, kama cha mtu anayetua mzigo kabla ya kujibu. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa na sikio lake, ikasema: "Naam, mama."

Bibi akazivua. Aliangalia chini, pale mjukuu wake Kwizera alipolala juu ya nyasi, amefunikwa shuka hadi kidevuni, macho kafumba.

Mambo yenyewe yalianza kwa wema tu. Claudia, binti anayeuza vitenge kule Kabanga karibu na mpaka, hutengeneza filamu kwa simu yake siku za Jumamosi. Hii ilikuwa fupi, ya mama anayeletewa maiti ya mwanawe aliyekwenda kutafuta kazi mbali. Alifika kwa Bibi, akapiga goti, shikamoo, marahaba, akasema shida yake: "Sisi tukilia tunacheka, Bibi. Wewe unakijua kilio chenyewe."

"Nimezika wengi, mjukuu wangu. Machozi ninayo ya akiba," Bibi akajibu. "Ila jina la Kwizera lisitajwe. Priscila mama yake alikufa akamwacha na miaka minne, nikamlea kwa uji wa mtama. Ndiye aliyebaki nyumbani kwangu. Simlilii aliye hai."

Sasa maiti aitwe nani? Na Bibi, akidhani anawakinga, akatoa jina mwenyewe. Kwao mtoto wa saba huitwa Nyandwi, na yeye alizaa sita akakoma. "Semeni Nyandwi. Hapa kwangu jina hilo halina mwenyewe." Hakukumbuka kwamba wapo wanaopita njiani hawana jina, nao husikia.

Kwa desturi ya nyumba ile, ukifiwa unatandika nyasi sebuleni, waombolezaji wanalala hapo, na jembe haligusi shamba. Siku ya kuondoa matanga, mkubwa wa nyumba anamwita marehemu kwa jina, anamwambia nenda salama, nyasi zinafagiliwa nje zinachomwa, ndipo majembe yanatoka. Onyesho hilo la mwisho lilibaki. Betri ya simu iliisha chaji saa kumi, kabla hawajalirekodi.

Bibi akashika ufagio. Claudia akamzuia mkono. "Usiziguse, Bibi. Wala mablanketi usitoe. Tukirudi Jumamosi kila kitu kiwe kama kilivyo, picha zisipishane."

"Mwanangu, kilio hakiachwi wazi."

"Ni cha kuigiza, Bibi."

Kwizera alichelewa kuinuka. Danstan alimtania, "Amka, marehemu, chakula tayari," na bado hakuinuka mpaka walipomvuta mkono. Mkono ulikuwa wa baridi. Nyasi alizolalia zilikuwa kavu tangu asubuhi, lakini zilitoa harufu ya udongo mbichi, ule wa futi sita chini, ambao Bibi aliujua kwa kuusimamia mara nyingi.

Jumamosi ile ikanyesha mvua kubwa, Claudia hakuja. Iliyofuata alikuwa na mgonjwa. Katika siku hizo Kwizera aliacha kitanda chake akawa analala juu ya zile nyasi. Ukimwita Kwizera, hakugeuka. Bibi alipoenda kutoa mablanketi, Kwizera alimshika kifundo cha mguu, bila nguvu, akasema, "Acha, mama. Mwanga unauma." Hakuwahi kumwita mama. Tangu alipojifunza kusema alimwita Bibi.

Siku ya kumi akauliza, mdomo karibu haufunguki, "Wale sita uliwanyonyesha. Ziwa langu liko wapi?"

Bibi akachukua rozari yake. Alisali mchana, mlango wazi, kuku wakichokora uani, na alipofika Salamu Maria ya tatu akasikia mtu anasali naye kutoka kwenye nyasi, akafurahi moyoni, mpaka alipotambua kwamba sauti ile haimfuati bali inamtangulia neno moja, na kila alipoharakisha nayo ikaharakisha, na alipofika kwenye saa ya kufa kwetu ikanyamaza ikamwacha aitaje peke yake.

Ndipo akamwita mganga, Mzee Kazimili, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Nyamahanga. Mzee alisimama mlangoni hakuingia. Alinusa. Akamvuta Bibi hadi migombani.

"Ulimlilia nani?"

"Nyandwi."

"Mwili ulikuwa wa nani?"

Bibi alishika shavu. "Wa Kwizera."

"Jini limepewa jina, limepewa mama, limepewa na mahali pa kulala. Hata mimi ningekaa." Mzee hakuwa anatania. "Dawa yangu haifiki hapo. Kilio ulikifungua wewe, utakifunga wewe, kwa watu walewale na taa ileile. Lakini sikiliza, mama. Utakapomwambia nenda, hakikisha anayeondoka ni yule. Ukisita katikati, usinitafute tena."

Wakaitwa Claudia na Danstan. Walikuja bila utani. Danstan aliiwasha taa, na Claudia hakutoa simu, alisimama tu kwenye kona akiuma ncha ya kitenge chake, huku Mzee Kazimili akisubiri nje akinong'ona maneno yake kwenye kibuyu. Kwizera alilala palepale, shuka kidevuni, na shuka lile halikupanda wala kushuka.

Bibi akashika ufagio, akasema, "Nyandwi."

"Naam, mama."

"Tumekulilia, imetosha," akaendelea, akaanza kufagia kutoka upande wa miguu, na nyasi ziliposogea harufu ya udongo ikajaa nyumba nzima hadi Claudia akaziba pua, na juu ya bati kukasikika kama koleo linaparuza, likishusha udongo taratibu, na Bibi akafagia akiwa analia kweli sasa, akafika kiunoni, akafika kifuani, akavuta pumzi aseme lile neno la mwisho, nenda, na hapo hapo macho ya Kwizera yakafunguka, mekundu, ya mtoto, akasema, "Bibi, ni mimi. Usinifukuze, Bibi. Huku chini kuna baridi."

Ufagio ukasimama.

"Usimjibu," Mzee Kazimili akasema kutoka nje. "Maliza."

Bibi akainama. "Kama ni wewe," akanong'ona, "mama yako alipokufa nilikuficha wapi, usione jeneza?"

"Kwenye kihenge cha mtama, Bibi. Ukanipa muwa nitafune."

Hilo hakuna mwingine aliyelijua. Lakini midomo ya Kwizera ilipofumbana, sauti ya pili ikatoka ndani ya koo lilelile, nzito, ya upole: "Na mimi nilikuwemo mle, mama. Muwa hukunipa."

Danstan akazima taa, au ilizimika, mwenyewe hajui mpaka leo. Gizani wakasikia ufagio ukianguka. Pikipiki ya Mzee Kazimili ikawaka nje, ikaondoka.

Msimu wa maharage umepita. Majirani wanaulizana kwa nini shamba la Bibi Bonifasia limekuwa pori na madirisha yake yana mablanketi mchana kutwa. Yeye huwaambia mgongo unamsumbua. Ndani hupakua sahani mbili za mjukuu mmoja, kwa sababu hajui mkono upi unamlisha yupi, na akipunguza moja anaogopa atakayelala njaa ni Kwizera wake. Huketi kandokando ya nyasi zile, ambazo mpaka leo zinanuka udongo mbichi, akamshika mkono ule wa baridi, na kila siku saa nane anaulizwa swali moja.

"Mama, wanakuja lini kumaliza?"

"Jumamosi, mwanangu," humjibu. "Lala."