Kitambaa cha Haboba Zeinabu

Asubuhi Haboba Zeinabu alipofariki, walifungua sanduku lake wachukue sanda aliyokuwa amejiwekea. Haikuwamo.

Haboba alikuwa nyanya yake Hayat, mchumba wangu, na ndiye aliyemlea pale Kibera. Nilikuwa uani na wanaume simu yangu ilipolia. Hayat, aliyekuwa ndani na wanawake, alikuwa amenitumia picha niliyoweka status wiki ile: chumba changu cha mabati kule Kabiro, ukuta umefunikwa kitambaa cheupe, kochi la mbao za pallet, taa ndani ya kikapu. Nilikuwa nimejisifu, "Pesa kidogo, nyumba smart."

Chini yake aliandika: "Walid, hiyo ni sanda ya Haboba. Shangazi amejua ile alama ya kutu ya sanduku. Ulitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe, nilipoenda kumtengenezea mlango. Alisema bibi harusi hawezi kukaa akiangalia mabati."

"Akupe sanda yake utundike ukutani?"

Haboba hakuniambia ni sanda. Aliniambia tu nisimwambie mtu.

Habari ilitoka ndani ikafika uani. Abdulmajid, binamu yake Hayat, alinisogelea.

"Fundi, jeneza nalo utalifanya kochi?"

Ilinunuliwa sanda nyingine. Nilimzika Haboba nikiwa nyuma ya watu wote, macho chini.

Kesho yake nilikitoa kitambaa, nikakifua, nikakipiga pasi, nikakirudisha. Shangazi Hadia alikipokea bila kunisalimu, Hayat na Abdulmajid wakiangalia. Akakikunjua. Vidole vyake vikasimama kwenye pindo.

"Nani ameshona hapa?"

"Nilipewa hivyo, shangazi. Hapo ndipo waya wa pazia unapita."

Uzi ulikuwa mwekundu, mishono mikubwa iliyopinda, ya mtu ambaye macho yamechoka. Hayat aliipapasa.

"Ni mkono wake," akasema.

Shangazi aliketi.

"Sanda haishonwi. Mama alijua hilo kuliko sisi wote. Akishaishona, ameamua iwe pazia."

Abdulmajid aliangalia viatu vyake. Hayat alinisindikiza hadi mlangoni, ule niliotengeneza.

"Ningekuuliza vizuri, Walid."

"Hata mimi ningemuuliza yeye. Nilipokea tu. Ule ukuta ulikuwa unanitia aibu."

Kitambaa kimerudi Kabiro. Hayat anahamia baada ya arobaini.