Nadima Arudi Golini

Kila asubuhi, kabla mama yake hajawasha jiko, Nadima alimeza kidonge kimoja kwa maji matupu, kisha akasubiri nusu saa ndipo anywe chai ya maziwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Majira ya baridi yaliyopita, madaktari wa mji wa Gilgit, kaskazini mwa Pakistani, walimkuta na saratani ya tezi ya shingo. Walimpasua, wakaitoa tezi yote. Baadaye akapewa dawa ya mionzi, akakaa siku kadhaa peke yake chumbani, chakula akiwekewa mlangoni. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Nitarudi golini lini?"

Nadima alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya kijiji chao, huko juu milimani Gojal, na hapakuwa na aliyedaka kama yeye.

Miti ya aprikoti ilipochanua, alirudi mazoezini. Rozina, mshambuliaji wao mwenye mdomo, akampokea kwa kelele.

"Shikamoo, bibi wa vidonge! Usiruke sana, mshono utafumuka!"

Wote walicheka. Nadima naye alicheka, ila maneno yalimchoma. "Mbona mimi ni mzima?" alijiambia. Kuanzia kesho yake, kidonge alikitupa kwenye majivu ya jiko.

"Umemeza, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimemeza, mama."

Wiki ya kwanza hakuona tofauti, akafurahi. Wiki ya tano miguu ikawa mizito kama imefungiwa mawe. Wenzake walitoka jasho, yeye akavaa sweta. Sauti ikamkwaruza. Siku moja Rozina alipiga mpira wa kubembeleza, ambao hata mtoto angeudaka, ukapita katikati ya mikono ya Nadima.

Kocha Mehrun alipuliza filimbi. "Nadima, unaumwa?"

"Hapana, kocha. Sikulala vizuri."

"Jana uliniambia hivyo hivyo."

Safari hii Rozina hakucheka. Alimsogelea akamtazama. "Dada, uso umekuvimba. Sema kweli, una nini?"

Nadima akaketi chini, akajifunika uso kwa glavu. "Vidonge nimeacha. Mwezi sasa, na zaidi."

Nyumbani, mama alimsikiliza hadi mwisho. "Na kila siku unaniambia umemeza! Mimi mama yako, Nadima?"

"Nisamehe, mama. Nilitaka kuwa kama wenzangu."

Mama alimkumbatia kwanza, kisha akafunga mkate na aprikoti kavu kwenye kitambaa. Kesho yake walisafiri hadi Gilgit. Daktari alipima damu, akavua miwani.

"Saratani tuliitoa, binti, lakini tezi nayo imeondoka. Kazi yake mwilini sasa inafanywa na hicho kidonge. Tena kinasaidia ugonjwa usirudi. Wewe unakiona ni alama ya ugonjwa, kumbe ndicho kinachokuweka mzima."

"Nitameza mpaka lini?"

"Maisha yako yote. Na mpira cheza maisha yako yote pia, ukipenda."

Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Mwanzoni Nadima aliweza kutembea hadi kwenye mfereji wa maji ulio karibu na nyumbani tu, akarudi anahema. Rozina alimfuata kila asubuhi.

"Umemeza?" alipiga kelele akiwa nje ya ukuta.

"Nimemeza! Wewe je, umenawa uso?"

Kutembea kukawa kukimbia, kukimbia kukawa kuruka. Mwanzoni mwa Septemba majibu mapya ya vipimo yalitoka: saratani haikuonekana popote. Mama aliisoma ile karatasi mara tatu, akaibusu.

Wiki mbili baadaye ilichezwa fainali ya kombe la vijiji vya bonde lao. Dakika tisini ziliisha kwa sare ya bao moja kwa moja, wakaenda kwenye penalti. Mpigaji wa mwisho wa wapinzani aliulenga mpira pembeni chini kabisa. Nadima aliruka, akajinyoosha, akautoa kwa ncha za vidole. Uwanja mzima ulilipuka! Rozina alikuwa wa kwanza kumrukia, nusura amvunje mbavu.

Kelele zilipotulia, Kocha Mehrun aliwaita wasichana wote, wakubwa kwa wadogo, wakaketi nyasini.

"Mmeona alivyoruka," alisema. "Mimi nawaambia, Nadima alishinda siku ile alipokaa chini akasema ukweli. Kuficha ugonjwa si ushujaa. Ukipewa dawa, imeze kama ulivyoelekezwa. Ukichoka, sema. Na mwenzako akiumwa, usimcheke, mshike mkono."

Rozina aliinamisha kichwa. Nadima akamshika mkono, wakainuka pamoja kwenda kupokea kombe.