Nyumba Yenye Walisema Haina Mutu

Mama Mukabaranga anaamukaka mbele ya jogoo. Anawasha moto. Anaenda kukamua Gaju, ngombe yake moya tu. Zamani walikuwa na ngombe saba. Vita ilikula sita.

Maziwa anatia mu bidon, anabeba ku kichwa, anashuka mupaka ku barabara ya Karuba. Pale kuko mutu wa pikipiki mwenye anapelekaka maziwa ya watu.

"Jambo, mama."

"Jambo sana."

Haya njo maneno ya kwanza ya siku. Siku zingine njo ya mwisho.

Bwana yake, Papa Rukara, alikufa mwaka moya umepita. Mutoto yao, Alliance, anasoma Goma, kwa shangazi. Mu nyumba anabakia yeye tu. Akipika ugali, anapika kidogo, na ile kidogo inabakia.

Majirani wako. Ku mukono wa kushoto kuko Papa Nestor na bibi yake Françoise, watu wa mashamba. Lakini kati yao na Mukabaranga kuko neno. Kabla Rukara afe, Gaju alikata kamba, akaingia mu shamba ya Nestor, akakula maharagi yote yenye ilikuwa inatoa maua. Nestor alikuya kulalamika. Rukara alimujibu: "Ngombe haisomake mipaka." Tangu siku ile hawakusalimiana tena. Ku kilio ya Rukara, Nestor alifika, alinyoosha mukono. Mukabaranga alitazama chini. Hakumupa mukono yake.

Ku mukono wa kuume kuko mama muzee moya, alikimbia toka Nyabiondo, akajenga kanyumba ka mbao. Miezi sita sasa. Mukabaranga hakuyua hata jina yake.

Na Karuba ilikuwa inakomea, inapanuka kila siku. Watu walikimbilia pale, wakajenga, hawakurudi. Pahali palikuwa majani ya ngombe, sasa manjanja ya mapaa inangaa. Barabara ikawa ndogo. Pikipiki, ngombe, camion na watoto wa masomo, wote mu matope moya. Njo chef wa kijiji akaita watu, akasema projet ya barabara inakuya. Barabara itapanuliwa. Itakuwa na mifereji ya maji ku mbavu zote mbili. Soko itahama. Ku mulima kule juu watapima parcelles mupya, viwanja vya kujenga, watu wenye nyumba zao ziko ku njia watahamia kule.

Mukabaranga hakuenda ku ile mukutano. Alisema mu roho: "Wataniambia." Lakini nani angemwambia?

Siku moya vijana wawili walifika na kopo ya rangi nyekundu. Waliandika ku ukuta yake, karibu na mulango: 42. Wakaenda. Walikuwa na haraka, hawakueleza kitu. Mukabaranga aliiangalia ile numero, akatikisa kichwa, akaenda kukatia Gaju majani.

Juma iliyofuata, mwaka ya kilio ilitimia. Kwa jamaa yao kuko desturi. Kilio ikiisha, nyumba ya mufiwa inapakaliwa upya, na udongo na mavi ya ngombe ya mubichi. Wandugu wanakuya, majirani wanakuya, mwengine anakanyaga udongo, mwengine anachota maji. Watu wanacheka kwa mara ya kwanza mu ile nyumba. Kisha wanakunywa, na mujane anaanza kuishi tena.

Mukabaranga aliwatumia wandugu habari. Mumoya alisema njia iko mubaya. Mwengine hakujibu.

Basi alifanya yeye mwenyewe. Alikanyaga udongo mwenyewe. Alichota maji mwenyewe. Alipakala ukuta na mikono mbili, toka chini mupaka kwenye mukono inaweza kufika. Numero nyekundu ilipotea chini ya udongo, naye hakufikiri kitu. Alipomaliza, alikaa ku mulango na kikombe ya maziwa. Hakuna mutu alicheka.

Siku mbili kisha, watu wa projet walipita tena, wakati yeye alikuwa ameshuka na maziwa. Hii mara walikuwa wanaandika majina. Walipiga ku mulango. Kimya. Walitafuta numero ku ukuta. Hapana. Waliandika neno moya, wakapita.

Ile neno Mukabaranga aliikuta siku ya kazi tatu, njo Jumatano, ku ukuta ya bureau ya chef. Liste ilikuwa imebandikwa. Watu walijaa, kila mutu na kidole ku karatasi. Yeye anasoma polepole, lakini numero anazijua. 41: Nestor. 43: Anastasie. Kumbe njo jina ya ule mama muzee! Kati yao, 42. Alisoma herufi moya moya. Hapakuwa jina. Ilikuwa imeandikwa: nyumba iliachwa, haina mutu.

Alisoma mara ya pili.

"Mama, unatafuta nini pale?" kijana moya aliuliza kwa nyuma. "Wewe uko pepo? Walisema ile nyumba haina mutu!"

Watu walicheka. Haikuwa na ubaya, ni muzaha tu. Lakini Mukabaranga aliisikia sawa mwiba. Aliwaza: "Labda ni kweli. Nikikufa leo, nani atajua? Gaju tu, juu ya kukosa majani."

Alitaka kurudi. Lakini ku meza ya bureau kulikuwa mwanamuke moya na buti ya mvua, na kitambulisho ku shingo. Huyu mwanamuke alimuona.

"Mama, kuya huku. Uko na shida?"

"Hapana, madame. Hata kidogo."

"Mutu mwenye hana shida hasomake mustari moya mara mbili. Mimi naitwa Céline. Kazi yangu njo kueleza watu. Ikaa."

Mukabaranga alikaa ku mwisho ya banc. Alieleza kidogo kidogo. Céline alisikiliza mupaka mwisho, bila kumukata maneno.

"Ile numero, mama, ulizania iko nini?"

"Nilizania iko rangi tu. Wengine wanasema njo alama ya kubomoa. Wenye kuogopa wanaifuta."

"Sikia vizuri. Numero haiko hukumu. Numero njo jina ya nyumba yako mu vitabu vyetu. Nyumba yenye haina numero, ao haina mutu, mashini ya kubomoa ikikuya inapita tu, na mwenyewe hapewi parcelle ingine. Mwenye kuandikwa, yeye anahamishwa kwanza, mashini inafuata. Hapana mbele."

"Basi mimi nilijifuta mwenyewe."

"Ulipakala nyumba ya kilio. Hiyo haiko kosa. Na sisi tulipita mara moya tu, hatukurudi kuuliza majirani. Hiyo njo kosa yetu. Ndiyo maana liste inabandikwa. Haibandikwe ili watu wasifu mwandiko. Inabandikwa ili mwenye jina yake haiko, ao iko mubaya, akuye alalamike. Tena bila kutoa kitu. Mutu akikuomba kitu ili akuandike, uje uniambie."

"Naweza kulalamika mupaka siku gani?"

Céline alishusha sauti. "Mupaka siku ya kazi tano, Ijumaa, saa kumi. Kesho kutwa. Kisha liste inafungwa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Tutakuya kwako, mimi na chef. Utaleta karatasi yoyote yenye uko nayo. Na mashahidi wawili, wenye wanapakana na wewe. Wawili wa mupaka, si rafiki wa mbali. Watuambie: huyu mama iko hapa, anaishi hapa."

Mukabaranga alihesabu majirani mu roho. Wa mupaka. Nestor.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Alianzia kwa mama muzee, ku mukono wa kuume. Alipiga hodi, haya ilimujaa.

"Mama Anastasie?"

"Eeh! Leo unaniita na jina!" mama muzee alicheka bila meno. "Miezi sita nakuona na bidon ku kichwa, shingo ngumu sawa mulingoti. Nikasema: huyu anajivuna juu ya ngombe yake."

"Sijivune, mama. Sikujua ginsi ya kuanza."

"Unaanza na jambo. Basi nitakuya kusema. Lakini mimi niko mugeni hapa. Mashahidi wawili, mumoya awe mwenyeji. Nenda kwa Nestor."

Nestor alikuwa inje, anachonga miti ya kupandishia maharagi. Alimuona anakuya, hakuinua kichwa. Françoise alitoka, akaleta kiti, akarudi ndani bila neno.

"Papa Nestor, jambo."

"Ngombe yako iko wapi? Ulifunga vizuri?"

"Nilifunga."

"Afazali."

Panga ilichonga muti: ta, ta, ta. Mukabaranga alieleza neno ya liste. Alieleza siku ya kazi tano. Nestor alichonga tu.

"Mwaka muzima unapita hapa sawa upepo," alisema kisha. "Nilikuya ku kilio. Nilinyoosha mukono mbele ya watu. Uliuacha ku hewa. Unajua mutu anajisikia aje, mukono ku hewa?"

"Nilikosa, papa." Machozi ilifika, aliimeza. "Na maharagi yako, tulikosa. Rukara alisema vile juu ya aibu. Nyumbani aliniambia: ile maharagi ilikuwa chakula ya watoto. Alitaka kukuya kwako. Ugonjwa ikamutangulia."

Panga ilisimama.

"Alisema vile?"

"Alisema."

Nestor aliangalia mulima. "Nitaona," alisema. Ni ile tu.

Siku ya kazi tano, Mukabaranga aliweka viti ine mbele ya nyumba. Alitoa karatasi yenye alikuwa nayo: ile ya zamani yenye mwenye shamba alimuandikia Rukara wakati alimupa ile pahali, na majina ya mashahidi chini. Saa tisa Céline alifika, pamoja na chef. Mama Anastasie alifika na fimbo yake. Kiti moya ilibakia bure.

Céline alimwanga maji ku ukuta, karibu na mulango, akakwangula polepole na kisu. Udongo ulianguka. 4 ikatokea, kisha 2, nyekundu sawa siku ya kwanza.

"Nyumba iko," chef alisema. "Sasa mutu."

Mama Anastasie alisema yake. Chef aliandika, akaangalia saa. "Shahidi wa pili?"

Ku barabara camion ilipita. Mukabaranga aliangalia ile kiti, kisha akaacha kuangalia. Dakika makumi mbili. Makumi tatu.

"Mama," Céline alisema na sauti ndogo, "hakuna mwengine wa mupaka?"

"Hakuna."

"Kuko!" sauti ilitoka nyuma ya uzio wa lupango. Nestor aliingia na jembe ku bega, matope mupaka magoti. "Mulizania nitaacha shamba mbele ya mvua? Makarani hawalimake, njo maana wana haraka."

Hakuikaa. Alisimama mbele ya chef.

"Papa Nestor, huyu mama unamujua?"

"Namujua kupita ginsi yeye anajijua. Saa kumi na mbili ya asubui, moshi inatoka hapa. Isipotoka, namwambia bibi yangu: angalia kule. Mwezi wa ine, siku mbili moshi haikutoka. Françoise aliacha uji ku mulango. Sivyo?"

Mukabaranga alifungua kinywa. Ile uji! Alikuwa na homa. Alizania ilitoka kwa watu wa kanisa.

"Mangaribi anaongea," Nestor aliendelea. "Mbele nilisema: mujane alishapata bwana mupya. Nikatega sikio. Kumbe anaongea na ngombe! Na ile ngombe, chef, uandike pia: iko mwizi wa maharagi."

Wote walicheka. Mukabaranga pia alicheka, na kitambaa ku macho.

"Andika, chef," Nestor alisema. "Mutu iko. Alikuwa hapa siku zote."

Céline alifungua kitabu. "Jina ya kuandika?"

"Rukara," Mukabaranga alijibu mara moya.

"Mama, Papa Rukara alishapumuzika. Mwenye kuishi hapa leo ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi tunaandika jina yako, na ya mutoto yenu chini. Karatasi yenye jina ya marehemu tu, kesho mundugu moya anaweza kuikamata, akakutoa inje. Mujane iko na haki yake. Usione haya."

Mukabaranga alikamata bic. Aliandika jina yake mwenyewe, herufi moya moya, na haraka hakuwa nayo. Céline alimupa récépissé, karatasi ya kushuhudia kama ameandikwa. "Hii usiiweke chini ya kitanda. Weka mu sashe ya plastiki, juu, pahali panya na maji haifike. Na tangu leo usiongeze chumba hapa. Kyenye kinajengwa kisha ya liste, hakihesabiwe."

Dakika kumi zilibakia kufika saa kumi.

Mwezi ya tatu kisha ile, alipewa parcelle ku mulima, na manjanja, na mbao. Mama Anastasie alipewa ku mustari ingine. Nestor, nyumba na shamba yake hazikufikiwa na barabara, akabakia chini. Ile siku mashini ilikuya, Mukabaranga alisimama ngambo ya barabara. Ukuta ya udongo ilianguka mara moya, bila kelele mingi. Alliance alipiga telefone toka Goma: "Mama, unalia?" Alijibu: "Kidogo." Alikuwa anadanganya. Lakini alikuwa na pahali pa kwenda, na mvua ya ile juma ilimukuta ndani ya nyumba.

Leo barabara iko pana. Maji inapita mu mufereji. Bidon ya maziwa haimwangike tena mu matope.

Kule mulimani asubui ya kwanza ilikuwa kimya kabisa. Milango mipya, watu wapya, hakuna mwenye alimujua. Mukabaranga alikamua Gaju. Alisimama wakati murefu na kikombe mu mukono. Miguu haikutaka. Kisha alienda ku mulango wa karibu, akapiga hodi, moyo inaruka sawa ya mutoto wa masomo.

Mwanamuke asiyemujua alifungua.

"Jambo, dada. Mimi naitwa Mukabaranga. Niko jirani yako. Nimekuya unione sura vizuri. Na wewe, jina yako ni nani?"