Vidole Vilivyokataliwa na Mashine

Kila siku baada ya shule, Sindano alivua sare, akavaa gauni kuukuu, akaenda kukaa na baba yake kwenye rundo la mawe. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma. Mtaa wao mzima uliishi kwa kugonga kokoto. Jiwe unalibana kwa pete ya mpira wa tairi, unalipiga nyundo mpaka livunjike vipande vidogo vya kuchanganywa na saruji. Maghorofa ya mjini yalisimama juu ya kokoto zao, lakini wenye maghorofa hawakuwahi kufika kuwapa hata pole ya kazi.

Baba aligonga, Sindano akagonga. Nyundo ya tatu ilikuwa imelala. Ilikuwa ya mama.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu ilipolala. Kabla ya hapo zahanati yao ililetewa mashine ya kutambua wagonjwa kwa alama za vidole. Siku hiyo wakubwa walikuja na mkasi wa kukata utepe, wakapigwa picha, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Hakuna aliyejisumbua kuuliza kama wagonga kokoto wana alama za kusomwa. Mtu akishika mawe miaka kumi, ile mistari ya vidoleni husagika ikaisha. Watu walipoona mashine inawaka taa nyekundu ya kuwakataa walidhani ni uchafu, wakawa wanasugua vidole kwa majivu kabla ya kwenda kutibiwa. Kumbe walikuwa wanazidi kuvisaga.

Mama alikwenda Ijumaa, akihema kama aliyekimbizwa. Alibonyeza kidole mara tatu, taa ikawaka nyekundu mara tatu.

"Mfumo umekukataa, mama," alisema mkuu wa zahanati. "Rudi Jumatatu, fundi atakuwepo."

Daftari la zamani la wagonjwa lilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Hakuutoa. Jumatatu ilipofika, Sindano na baba yake walikuwa makaburini. Tangu hapo mtaa ulimwita yule mkuu Bwana Mfumo, na Sindano alijiapiza kwamba siku moja bwana huyo naye atalia.

Basi akaja msichana wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, mkoba begani na viatu vimejaa vumbi. Aliwaamkia wazee kwa adabu, akasema anafanya utafiti wa masomo yake: sayansi na teknolojia zinabadilishaje maisha ya watu, kwa wema au kwa ubaya. Alikuwa amechagua mashine ya zahanati.

"Nyinyi wa chuo mnaandika, mnapata vyeti, sisi tunabaki na mawe yetu," baba alimwambia bila kuinua macho.

"Ni kweli, baba, wengi hufanya hivyo," msichana alijibu. "Mimi mwalimu wangu amekubali ripoti isomwe mbele ya maofisa wa wilaya, hapo hapo zahanati. Na mkuu mwenyewe atakuwepo."

Nyundo ya Sindano ilisimama hewani.

Kwa vile wengi mtaani hawakujua kusoma, msichana alimpa Sindano madodoso thelathini. Kila moja lilikuwa karatasi yenye maswali kumi. "Wasomee, kisha andika wanachosema. Wanachosema wao, mdogo wangu, si unachotaka wewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Alikuwa ameelewa vizuri sana. Jioni ile alijibanza nyuma ya rundo la kokoto, akazijaza karatasi zote peke yake. Mkuu anadai hongo, aliandika. Mkuu huja kazini amelewa. Mkuu alimzaba kofi bibi wa nyumba ya mwisho. Kila alipoandika, moyo ulipata utamu kama wa mtoto aliyeiba sukari. Afukuzwe! Atembee mjini hana kazi, watu wamnyooshee kidole!

Siku mbili baadaye, akiwa amezipokea karatasi na kuzisoma, msichana wa chuo alikwenda nyumba ya mwisho kumpa bibi pole ya kofi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi? Mara ya mwisho kupigwa kofi alinipiga marehemu mume wangu, nami nikamrudishia mawili! Huyo Bwana Mfumo hajanigusa. Aliniambia tu mfumo umenikataa, nikarudi na homa yangu."

Msichana alifika kwa kina Sindano macho mekundu. Alizitandaza karatasi mbele ya baba. "Mwandiko mmoja, kalamu moja, maneno yale yale. Mkuu akiugundua uongo mmoja tu, atausimamisha mbele ya maofisa na kusema kila kitu ni uongo. Hata kifo cha mama yake Sindano. Nimebakiwa na siku tisa. Nifanye nini sasa? Nizichome?"

Sindano aliinamisha kichwa, akingoja kofi. Baba aliweka nyundo chini.

"Unamchukia yule bwana?"

"Namchukia, baba."

"Mimi namchukia kuliko wewe. Nikilala namchukia, nikiamka namchukia. Sasa nijibu. Mama yako aliuawa na hongo?"

"Hapana."

"Na kofi?"

"Hapana, baba."

"Aliambiwa nini?"

Sindano aliitazama nyundo ya mama. "Aliambiwa arudi Jumatatu."

"Basi hilo halimo humu!" Baba alizipiga karatasi kwa kiganja. "Kurasa thelathini, na mama yako hayumo hata kwenye moja. Yule alimnyima dawa, wewe umemnyima hata kifo chake. Inuka. Utapita kila nyumba, useme ulichofanya, uanze upya."

Alipita. Wengine walimsonya, wengine wakamsamehe kabla hajamaliza. Safari hii aliandika kila neno kama lilivyotoka kinywani, hata la jirani aliyesema mashine ilimfaa kwa sababu foleni imepungua. Hilo lilimuuma, lakini aliliandika. Mwishoni msichana wa chuo alileta kidau cha wino ili kila mtu aweke dole gumba badala ya sahihi. Hapo ndipo wote wawili walipotazamana. Kati ya madole thelathini, ishirini na mawili yaliacha doa tupu, jeusi, lisilo na mstari hata mmoja.

Siku ya mkutano uwanja wa zahanati ulijaa. Msichana alisoma ripoti yake mbele ya maofisa. Alipomaliza, Bwana Mfumo alisimama, akanyoosha koti.

"Waheshimiwa, haya ni maneno ya watu wasiosoma. Mfumo haukosei."

"Vizuri," alisema ofisa wa wilaya, mama mmoja mnene asiyecheka. "Lete mashine hapa."

Baba alibonyeza. Nyekundu. Bibi wa nyumba ya mwisho akabonyeza. Nyekundu. Wa tatu, wa nne, wa tano, zote nyekundu, mpaka watu wakawa wanahesabu kwa pamoja. Bwana Mfumo alitafuta uongo kwenye zile karatasi, akapekua mbele, akapekua nyuma. Hakuupata.

Sindano akasimama. "Shikamooni wakubwa. Mama yangu alikuja hapa Ijumaa. Daftari lilikuwemo kabatini. Huyu alimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu tulimzika."

Ofisa alimgeukia mkuu. "Ulimwambia hivyo au hukumwambia?"

Mkuu aliinyooshea mashine kidole. "Nilifuata mfumo."

"Fungua kabati. Utaandika kwa mkono wako, mbele yetu, jina la kila uliyemrudisha tangu mashine ifike. Anza na marehemu. Ukimaliza, hutashika tena ufunguo wa zahanati hii."

Aliandika akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti. Sindano alisogea karibu, akamsomea jina la mama yake herufi moja moja ili asilikosee. Sindano hakumwonea huruma, wala baba hakumwambia amwonee.

Njiani kurudi, baba alimshika bega.

"Umeonja kisasi leo?"

"Nimekionja, baba."

"Kile cha mwanzo kingekuwa kitamu siku moja, kisha kingetuchoma koo. Ukimsingizia mtu mbaya, mwanangu, umempa mlango wa kutorokea. Mwambie ubaya wake vile vile ulivyo, usipunguze, usitie chumvi, na hatakuwa na pa kupita."