Gurudumu la Ukingo wa Juu

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, wanawake wa kitongoji alimoishi Tamar, huko Wenje, waliteremka mtoni kwa kundi. Hakuna aliyethubutu kwenda peke yake. Kila mmoja alishika mtungi wa plastiki mkono mmoja na mawe mkono wa pili. Wakifika, mmoja alirusha mawe majini. Mwingine alipiga kelele. Wa tatu alichota haraka haraka, kisha wakabadilishana zamu.

Mto Tana ndio uliowalisha. Bila mto, hakuna ndizi, hakuna maembe, hakuna mahindi. Lakini ndani ya mto kulikuwa na mamba.

Tamar aliwajua mamba kuliko wengi. Mwaka uliopita, mama mkwe wake, Mama Metrine, alishikwa mkono wa kushoto akiwa amesimama kwenye maji ya magotini. Wanawake walimvuta huku, mamba akamvuta kule. Alipona, lakini vidole vya mkono ule havikukunjika tena. Alikuwa mwanamke wa kulima, wa kusuka mikeka, wa kuimba kanisani mpaka mabati yakatikisika. Sasa alishinda mlangoni, akihesabu wanaorudi kutoka mtoni.

Siku moja ilikuwa zamu ya Tamar kuchota. Mawe yalikuwa yamekwisha kurushwa. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Aliinama, akatumbukiza mtungi. Mara maji yalipasuka mbele ya uso wake. Kitu kilinyakua mtungi kwa nguvu, naye akaanguka chali matopeni.

"Rudi nyuma! Rudi!" wenzake walipiga mayowe, wakamburuta kwa kanga.

Mtungi ulionekana baadaye, umekwama kwenye matete. Ulikuwa na matundu ya meno pande zote mbili. Tamar aliupeleka nyumbani, akauweka mbele ya mumewe, Philemon.

Philemon alipitisha kidole kwenye matundu yale. "Kuanzia kesho nitachota mimi," alisema.

"Na huyo mamba atajua kwamba wewe ni mwanamume?" aliuliza Mama Metrine kutoka mlangoni.

Philemon aliuchukua mtungi, akautoa nje.

Siku mbili baadaye, Tamar alipeleka baiskeli ya mumewe kwa fundi. Fundi huyo alikuwa mwanamke, aliyeitwa Jumwa. Alikuwa Mgiriama, aliyehamia Wenje kutoka upande wa Garsen miaka kumi iliyopita. Alitengeneza baiskeli, cherehani, hata redio zikimjia.

"Karibu, dada," alisema Jumwa. "Lete niione."

Jumwa hakuinama. Alifunga kamba kwenye fremu ya baiskeli. Kamba ile ilipanda juu, ikazunguka rimu ya gurudumu kuukuu iliyoning'inia kwenye boriti ya banda, kisha ikashuka upande wa pili. Jumwa alivuta kamba kwenda chini. Baiskeli ikapanda juu, taratibu, mpaka ikafika usawa wa kifua chake. Akaizungusha kamba kwenye kigingi, baiskeli ikabaki palepale hewani.

Tamar alisahau alichokuja kusema.

"Umefanyaje?"

Jumwa alicheka. "Mgongo uliniuma kwa kuinama. Nikaona rimu hii imelala bure. Tazama, ina mfereji pembeni, pale tairi inapokaa. Kamba inatulia humo, haitoki. Katikati ina gololi, kwa hiyo inazunguka bila kukwaruza."

"Na uzito je? Baiskeli ni nzito."

"Uzito haupungui. Ila ukiinua kitu kwa mikono, mgongo wako ndio unaoumia. Ukivuta kamba kwenda chini, mwili wako wote unakusaidia. Unajiegemeza tu. Huko kwetu walikuwa na kisima kirefu chenye gurudumu kama hili. Mimi sikubuni kipya, nimekumbuka tu."

Tamar aliishika rimu, akaizungusha. Ilizunguka, ikazunguka.

"Jumwa," alisema polepole, "kamba hii inaweza kuinua ndoo ya maji?"

"Ndoo? Hata mbili."

"Kutoka mtoni? Kule kwenye ukingo wa juu?"

Jumwa aliweka spana chini. Alielewa mara moja. Kila mtu Wenje aliujua ukingo ule. Mto ulipinda pale, ukaikata ardhi wima kama ukuta. Chini yake maji yalikuwa na kina. Hakuna mtu aliyechota pale, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kushuka.

"Na kama mtu hawezi kushuka," alisema Jumwa, "mamba naye hawezi kupanda."

Jioni hiyo Tamar alimweleza mumewe. Philemon alikuna kichwa.

"Ukingo ule? Watu watatucheka. Watasema tumechoka na mto, sasa tunavua maji kwa ndoano."

"Wacha wacheke. Wanaocheka wana mikono miwili," alijibu Mama Metrine.

Philemon alimtazama mama yake. Kesho yake aliamka, akachukua shoka.

Kazi ilichukua siku nne. Jumwa ndiye aliyeelekeza. Siku ya kwanza alipima hatua nne kutoka ukingoni, akachora duara ardhini kwa kisigino.

"Nguzo isimame hapa, isikaribie ukingo," alisema. "Udongo wa mto hudanganya. Leo uko, kesho umeporomoka. Shimo liwe refu kufikia kiuno changu."

Philemon alichimba. Walisimamisha nguzo ya mti mgumu, wakaishindilia kwa mawe. Juu yake walilaza mti mrefu, ncha moja ikitokeza juu ya maji. Ncha ya pili waliifunga kwa nyaya kwenye nguzo fupi iliyozikwa nyuma, ili mti usiinamie mtoni. Kwenye ncha ya mbele Jumwa alifunga rimu yake kwa boliti mbili, na kwenye nguzo akapigilia kigingi cha kuzungushia kamba. Halafu alijenga uzio wa miti pale ukingoni, kimo cha kifua, ili mchotaji asiteleze.

Siku ya nne watu walijaa. Wengine walikuja kusaidia, wengine walikuja kutazama aibu ya wenzao. Tamar alifunga ndoo ya lita kumi, akaiteremsha. Ndoo ilifika majini. Ikaelea.

Alitikisa kamba. Ndoo ikacheza juu ya maji kama bata. Akaivuta na kuiachia tena. Ikaelea tena.

Mtu mmoja alianza kucheka. Kicheko kikaenea. Tamar hakuiachia kamba. Jumwa naye alikuwa amekunja uso, akiwaza.

"Ileteni hapa."

Ilikuwa sauti ya Mama Metrine. Alikuwa amekuja, yeye ambaye hakuusogelea mto mwaka mzima. Alijikokota mpaka kwenye uzio, akatazama chini, akavuta pumzi ndefu.

"Mlifikiri wavu wa samaki huzama kwa kuombewa?" aliuliza. "Una vipande vya risasi upande mmoja. Tafuteni kitu kizito, mkifunge mdomoni mwa ndoo, upande mmoja tu. Upande huo utainama, maji yataingia yenyewe."

Jumwa alipiga paja. Alichomoa nati kubwa mfukoni, akaifunga kwa waya kwenye ukingo wa ndoo. Tamar aliteremsha tena. Ndoo iligusa maji, ikainamia upande mmoja, ikanywa maji, ikazama.

Tamar alivuta kamba kwenda chini, akijiegemeza kwa mwili wote. Ndoo ilipanda, maji yakidondoka. Ilipofika juu, aliizungusha kamba kwenye kigingi. Ndoo ilitulia hewani, lakini mbali kidogo na mkono. Mtu akianza kunyoosha mikono nje ya uzio, anaweza kuanguka. Hilo Tamar alikuwa amelifikiria mapema. Aliinua upembo wake, ule mti wenye ndoano ambao watu huangulia maembe, akainasa ndoo kwenye mpini wake na kuivuta taratibu mpaka ndani.

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kutoka ng'ambo.

"Msisahau jambo moja," alisema Jumwa sauti zilipotulia. "Gurudumu limetuokoa na mamba. Halijatuokoa na uchafu. Maji haya ni yaleyale ya mto. Yachujeni kwa kitambaa safi, kisha myachemshe au mtie dawa ya maji kabla ya kunywa. Na msitupe matumbo ya samaki hapa chini, wala msichote saa ileile kila siku kule kwenye mteremko wa zamani. Mamba hujifunza desturi zetu."

Wiki iliyofuata alikuja Batula, mfugaji wa Kiorma ambaye ndama wake walikuwa na kiu. Alisimama kando na punda wake, hajui kama atakaribishwa.

"Dada, hii ni ya watu wa hapa tu?" aliuliza.

"Ni ya mwenye kiu," alijibu Tamar. "Njoo nikuonyeshe. Vuta chini, si juu. Hivyo. Ukichoka, zungusha kwenye kigingi, upumzike."

Batula alijaza mitungi yote minne. Aliporudi, alileta kipande kirefu cha kamba ya ngozi ya ng'ombe, imara kuliko ile ya sisali iliyokuwa imeanza kukatika. "Hii haiozi haraka kwa maji, mkiipaka mafuta," alisema. Aliifunga yeye mwenyewe.

Mama Metrine ndiye aliyekuwa msimamizi. Hakuteuliwa na mtu, alijiteua. Kila Jumamosi aliwaagiza vijana watie grisi kwenye gololi. Kila baada ya mvua alikagua nguzo. Na kila asubuhi alichota ndoo yake mwenyewe kwa mkono wa kulia, akiikanyaga kamba kwa mguu kati ya mvuto mmoja na mwingine. Alikataa kusaidiwa.

Miezi minane ilipita. Kwenye kitongoji kile hakuna mtu aliyeumwa na mamba. Wasichana waliacha kuchelewa shule kwa kungoja kundi likusanyike. Tamar alipata muda wa kupanda mboga nyuma ya nyumba. Tena alianza kuvitazama vitu vya kawaida kwa jicho jingine. Pini inayofunga kanga ya mtoto. Chujio la chai. Mpini wa mtungi, uliotobolewa mahali pale pale vidole vinapotaka kukaa. Kila kimoja, aliwaza, kuna mtu alikaa akakifikiria ili mwenzake apate nafuu.

Siku moja walifika wageni kutoka kijiji kimoja huko mto unakoteremkia, wanaume watatu na wanawake watano. Walikuwa wamesikia habari. Walilizunguka gurudumu, wakagusa nguzo, wakachungulia chini. Mwanamume mmoja alitoa daftari na kalamu.

"Mradi mzuri sana," alisema. "Ni wa shirika gani? Sioni kibao chao."

Mama Metrine alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Alisimama, akajinyoosha wima.

"Hakuna shirika, baba. Kama unataka kuandika majina, kaa chini, maana ni mengi. Andika Jumwa, mwenye rimu. Andika Philemon, aliyechimba. Andika Batula wa kule malishoni, mwenye kamba. Andika Tamar, mke wa mwanangu, aliyeuliza swali. Na yule aliyetengeneza gurudumu la kwanza duniani, jina lake hatulijui, mwachie mstari."

Mwanamume yule aliandika. Kisha akauliza, "Na wewe, mama?"

"Mimi?" Mama Metrine alishika kamba. "Mimi nitakufundisha. Weka daftari chini, uje uvute."

Mgeni aliweka daftari chini, akavuta. Ndoo ikapanda.