Vazi la Bibi Udahosh

Kigingi kilikuwa kitupu. Inspekta Gaudensia Bura alimulika tochi ukutani mwa chumba cha ndani, akashusha mwanga sakafuni. Kwenye kizingiti aliona kipande cha ngozi, chembamba kama kidole, kimeshonewa shanga za buluu.

"Hiki ni cha vazi lako, bibi?"

Bibi Udahosh alikuwa amejifunika blanketi hadi shingoni, uso ameuelekeza ukutani. Tangu vazi lake la ngozi liibwe hakuwa ametoka nje wala kutia kitu mdomoni. Alilivaa siku ya ndoa yake, akalipaka samli miaka yote mpaka likawa jeusi. Kwa Wabarbaig, vazi la mke wa mtu, mwanamume haligusi, hata awe mume, hata awe mtoto.

"Ni cha vazi langu," alisema. "Sitoki hapa bila hilo. Mtanitoa kwenda kunizika."

Nje ya boma, akina mama wa Balangdalalu walikuwa wameketi kimya. Gaudensia ni Mwiraqw wa Nambis, lakini alijua maana ya kimya kile. Baraza la wanawake, linalomhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke, lilikuwa linamsubiri mtu, na siku hiyo wanaume wote wa kijiji walikuwa wamekumbuka kazi za mbali.

Koplo Tadei alimfuata akitabasamu. "Afande, hii kesi imeshaisha. Mwizi yuko mahabusu Katesh. Ni yule Kelvin anayepandisha wageni mlima Hanang. Wiki iliyopita alileta Wazungu hapa, wakapiga picha. Mgambo wamemshughulikia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Jicho moja halifunguki, afande."

"Na ushahidi?"

"Si ni mtu wa wageni?"

"Huo si ushahidi, Tadei. Huo ni uvivu." Tangu barabara ianze kuleta watalii, kila kikipotea kitu anakamatwa kijana yuleyule mwenye viatu vya mlimani.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Kwenye ua wa miiba alikuta fimbo imetupwa. Ncha yake ilinuka samli, na uchafu mweusi wa ngozi ulikuwa umeganda juu yake.

"Tadei, ukiiba kuku unamshika kwa kitu gani?"

"Mimi siibi kuku, afande."

"Jibu swali."

"Kwa mkono."

"Kelvin kazaliwa Babati mjini, mwiko huu haujui. Angelikunja vazi kwa mikono yake akalitia kwenye begi. Huyu mwizi kaliondoa kwa fimbo, akalidondosha ndani ya gunia au kitu kama hicho. Kipande kikaanguka mbele ya macho yake, akakiruka. Ameiba kitu anachokiogopa. Huyo ni wa humuhumu."

Alirudi ndani, akachuchumaa karibu na kitanda.

"Bibi, siku hiyo kwa nini hukulivaa?"

"Nilikwenda hospitali Katesh, kifua kilibana. Mwanangu Nikolausi alituma gari. Alisema hospitali hawapokei mtu wa ngozi, nivae kitenge."

"Yeye alikuja na gari?"

"Alikuja dereva tu. Mwanangu ana kazi nyingi."

Hospitalini, muuguzi aitwaye Imakulata alishika kiuno aliposikia habari hiyo. "Hawapokei? Nani kasema? Hapa tunapokea hata aliyejifunga gunia. Mgonjwa ni mgonjwa."

Gaudensia alitoka bila kuaga vizuri. Alikumbuka utotoni, wazee wakishushwa kwenye mabasi kwa sababu ya mavazi yao, kama mizigo iliyooza. Leo mtoto wa kuzaa aliitumia aibu ileile kumvua mama yake. Alipita kituoni, akaamuru Kelvin aachiwe na apelekwe kutibiwa, akamhoji dereva wa Nikolausi, kisha akavuka barabara ya Singida pamoja na Tadei.

Nyumba ya wageni ya Nikolausi ilikuwa na bustani, na pembeni banda lenye kibao kilichoandikwa "Utamaduni Wetu". Mwenyewe alivaa koti zito, saa inang'aa.

"Karibu, afande. Nasikia mmemkamata yule kibaka."

"Tumemwachia. Siku mama yako alipokuja hospitali, ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Dereva wako anasema ulishuka njiani, karibu na boma."

"Nilikwenda kuangalia ng'ombe."

"Kwa gunia?"

Nikolausi alicheka peke yake. "Afande, mimi ni msomi, nimebatizwa. Ngozi kuukuu naifanyia nini?"

Gaudensia alifungua bahasha, akakidondosha kile kipande mezani. "Basi nisaidie. Kishike, unipe mkononi."

Kicheko kilikatika. Nikolausi alinyoosha mkono, ukaishia njiani. Akasogeza kiti nyuma.

"Ni kingozi tu, msomi. Kishike."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni cha mama." Aliinamisha kichwa. "Lipo stoo."

Gaudensia aliingia stoo mwenyewe, akalitoa vazi kwenye gunia, akalibeba mikononi mwake.

"Sema sababu. Koplo anaandika."

"Banda langu lilikuwa na vazi nililoshonesha kwa fundi. Mgeni mmoja akaligeuza, akaona uzi wa cherehani. Wakacheka wote, mbele ya wafanyakazi wangu! Nikaapa nitawaonyesha la kweli. Nilimwomba mama, akaniuliza kama nimerogwa."

"Kwa hiyo wageni wasikucheke, mama yako alale uchi?"

"Nilidhani atazoea kitenge."

"Na Kelvin akipigwa, ulidhani nini?"

Walipomfunga pingu alinong'ona, "Nipelekeni mahakamani moja kwa moja, afande. Msinipitishe Balangdalalu."

"Kelvin kaburutwa sokoni watu wakitazama. Wewe unataka kupitia mlango wa nyuma? Panda gari."

Njiani Tadei alikohoa. "Afande, kielelezo hukaa kituoni mpaka kesi iishe."

"Kipige picha, mimi nitasaini. Simwachi mtu mzima ndani ya blanketi akimngoja hakimu."

Akina mama walilipokea vazi na kuingia nalo ndani. Walikaa humo muda mrefu. Kisha Bibi Udahosh akatoka kwa miguu yake, amevaa, akasimama juani.

"Shikamoo, mama," alisema Nikolausi. Pingu zilimfanya ashindwe hata kujifuta macho.

Bibi hakuitika. Alimgeukia Gaudensia.

"Mwanangu, huyu uliyekuja naye ni mgeni?"

Inspekta aligeuka kumtazama Nikolausi.

"Kama ni mgeni," alisema bibi, "mwambie apige picha yake, aondoke."